Tunamuaga Fundi Aliyekataa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni yetu, Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mwanangu uliyefiwa na baba wodini na bado ukaitikia mwaliko wetu: wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa, kama mkuu wa kitengo cha programu, nimsifu huyu ndugu yetu tunayemwita Foleni, ili aondoke vizuri, tupige picha, tule. Haya, namsifu.

Programu yetu ya kuonyesha mapigo ya moyo ya wagonjwa ina nyuzi nyingi, yaani kazi nyingi zinazokwenda kwa pamoja, kila kitanda na uzi wake. Lakini skrini ina uzi mmoja tu wenye ruhusa ya kuigusa, na nyingine zote lazima ziupe ujumbe na kusubiri zamu. Ukikiuka hilo, programu haikugombezi papo hapo. Leo inakwenda, kesho inakwenda, keshokutwa inaganda. Ndugu huyu alikuwa akizunguka meza zetu akisema, "Jamani, pangeni foleni!" Tukamcheka mpaka likawa jina lake.

Ikaja siku ya kuwaonyesha wageni. Namba zilikuwa zinachelewa kidogo, kufumba na kufumbua tu, na wewe Mheshimiwa Mkurugenzi ukasema mbele yetu sote, "Nataka zirukeruke. Ondoeni hiyo foleni." Akakataa. Akasema, "Mzee, kwa vitanda viwili itapita. Wodi ikijaa, itaua mtu." Ukamjibu, "Wewe na mikosi yako!" Akatolewa kwenye kazi ile, mwingine akaiondoa foleni, wageni wakapiga makofi.

Je, wodi ilijaa? Ilijaa. Nyuzi mbili ziligusa skrini kwa wakati mmoja, ikaganda, na namba ya mwisho ya kitanda cha dirishani ikabaki pale, nzuri, ya mtu mwenye afya yake. Muuguzi alitazama akaridhika. Kwa nini asiridhike? Na mzee wa watu alikuwa anakata roho. Inaniuma hata kuisema.

Familia ikaambiwa nini? Kwamba ni kosa la fundi, na fundi ameachishwa kazi. Ndiyo sherehe yetu hii. Mwanangu, umeletwa hapa umtazame aliyemuua baba yako akiondoka. Siyo yeye! Yeye ndiye aliyebishana kwa ajili ya baba yako kabla mzee hajalazwa.

Foleni, mdogo wangu, mama yako alinipigia akilia: "Ni kweli mwanangu ameua?" Nilimwambia hapana. Sasa nimewaambia na hawa.

Mheshimiwa Mkurugenzi, naona unatazama saa. Nami naitazama. Mfumo ule ule, bila foleni, unafanya kazi sasa hivi katika wodi ya watoto, na Mganga Mkuu hakuambiwa. Mheshimiwa Mganga Mkuu, simu unayo mkononi. Waambie wauguzi waiache ile skrini, wawashike watoto mikono, wahesabu mapigo wenyewe. Chakula kitasubiri.

Ndugu wageni, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa naomba tunyamaze, Mganga Mkuu apate kusikika kwenye simu.