Kizingiti cha Njia Isiyo na Ngazi

Mheshimiwa Meya, wazee wetu wa kabila lenye msitu huu, ndugu wafadhili, wajenzi wenzangu, na ninyi mliofika na watoto na vikapu vya chakula: habari za asubuhi. Nimepewa dakika tano za kusifu. Nitasifu, ila mtanisamehe, leo sina maneno matamu.

Mimi ni Pania Rudland, msimamizi wa ujenzi. Njia hii ya mbao, mita mia sita bila ngazi hata moja mpaka kwenye mkauri mkubwa, ule mti mkongwe wa msitu huu, tumeijenga miezi kumi na minne, ili mtu wa kiti cha magurudumu aingie msituni kwa nguvu za mikono yake mwenyewe. Nani asingejivunia kazi kama hiyo? Mimi nilijivuna hadi Jumanne.

Jumanne tulimwita Koro Tamihana Waaka, babu yetu sote, yule pale kando ya utepe kwenye kiti chake cha magurudumu, aijaribu kabla yenu. Miaka thelathini amefyeka njia za msitu huu, mimi mwenyewe kanifundisha kazi, na ugonjwa wa mikauri ulipoingia ndiye aliyesimama hapa langoni akikagua soli zetu, kwa sababu tope la kujaa kijiko latosha kuua mti wa miaka mia nane. Mheshimiwa Meya, hata wewe alikurudisha. "Uwe Meya, usiwe Meya, mguu mchafu ni mguu mchafu. Rudi ukasugue!" Naona unacheka, siku ile hukucheka.

Basi akafika kwenye kibanda cha kusafishia viatu. Mnakiona: unapanda kidaraja cha chuma, unasugua soli, unakanyaga dawa, unapita upenyo mwembamba. Kiti kikagonga chuma, kikasimama. Tulikuwa watu tisa, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Mita mia sita bila ngazi, halafu ngazi tumeiweka mlangoni! Mchoro ule nani aliusaini? Niliusaini mimi. Nilifikiria buti tu, maana maisha yangu yote nimevaa buti.

Fundi wetu Desmond akauliza, "Koro, tukubebe?"

"Kwani mimi gunia la viazi?"

"Basi tukupitishe kule kando ya uzio. Mara moja tu, nani ataona?"

Lo! Hapo ndipo alipowaka. "Magurudumu yangu hayashiki tope? Watu nimewafukuza hapa miaka yote, leo niingie na uchafu wangu kwa huruma yenu? Pania, mwanangu, nirudishe nyumbani."

Nilimrudisha. Njia nzima nililia huku naendesha.

Nikaomba ruhusa ya kufungua kipande kimoja cha uzio, hiki hapa ubavuni mwa kibanda, tumsafishe magurudumu kwa mkono, apite. Nikajibiwa kwamba maombi huchukua wiki sita. Ndugu zangu, wiki sita Koro hana. Kesho asubuhi binti yake anamhamishia kisiwa cha kusini, kwa kuwa hawezi tena kuishi peke yake, na daktari amesema wazi kwamba safari ya kurudi haipo. Mti alioulinda atauona leo, au hatauona tena.

Sasa, Mheshimiwa, nimeagizwa nikukabidhi mkasi. Samahani, sitakukabidhi. Tutakuwa tumefungua nini, ikiwa mwenye njia amebaki nje? Najua unaangalia saa. Na wewe afisa wa vibali, hapo safu ya pili, naona unanikazia macho. Kaza tu. Barua ya kunifukuza andika kesho, na jina liwe langu peke yangu, maana wenzangu sikuwaambia ninachotaka kufanya.

Koro, uamuzi ni wako. Hakuna atakayekubeba, na hakuna atakayekuficha. Beseni la dawa lipo, brashi ipo. Nitapiga magoti mbele ya watu wote hawa nisugue gurudumu moja moja, na wewe ndiye mkaguzi. Ukiona tope, nitasugua tena. Unasemaje?

Mmemsikia? Anasema la kushoto ndilo chafu zaidi, nianze nalo.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Desmond, lete maji. Ninyi wengine nipisheni, spana ya kufungulia uzio ninayo mfukoni.