Apolinary Rugemalira, Karani wa Vikapu Viwili

Tarehe 31 Desemba 1957 Mzee Apolinary Rugemalira atastaafu ukarani, baada ya miaka ishirini na saba katika chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Kihanga. Mimi, msaidizi wake kwa miaka kumi, nimeshindwa kumwiga hata mwandiko.

Ana mengi ya kusifiwa, ila wengi wetu tutamkumbuka kwa uchaguzi wa mpimaji wa mizani mwaka 1951. Tuliponyosha mikono, Muhangi alipata 38, Byabato 27, Melkiory 25. Muhangi ni kaka wa Mama Placidia, mke wa karani. Mzee angeweza kumtangaza shemeji yake akaenda zake kula. Badala yake alisema kuwa watu 52 hawakumnyoshea Muhangi mkono, kwa hiyo wagombea washindanishwe wawili wawili. Atakayemshinda kila mwenzake ndiye mpimaji.

Tuliweka vikapu viwili ghalani, kimoja kwa kila mshindani, tukampa kila mwanachama buni tatu zilizochemshwa na kukaushwa, zile tunazotafuna huku kwetu, moja kwa kila shindano. Muhangi alishindwa na Byabato, akashindwa na Melkiory pia. Shindano la tatu likatoa kura 61 tu kati ya 90. Wazee walikuwa wamechoka kusubiri, wakatafuna kura zao. Tukarudia kwa punje za mahindi, na Byabato akashinda.

Nyumbani kwa karani hakukuwa na kicheko. Muhangi aliapa kutokanyaga tena kwa dada yake. Mama Placidia aliendelea kumpikia mumewe, lakini mazungumzo yalikwisha. Iliniuma sana kumwona Mzee akibaki ofisini hadi jioni bila kazi yoyote. Miaka mitano ilipita hivyo, na sikumsikia akijitetea.

Mwaka jana Muhangi aligombea uenyekiti, kwa vikapu vilevile. Akawashinda wenzake watatu, mmoja baada ya mwingine. Jumapili hiyo, baada ya misa, alikwenda kwa dada yake na kibuyu cha maziwa. Alimwambia shemeji yake kwamba kama angepewa mizani ile ya 1951, angeishi akijiuliza nani anamtaka na nani hamtaki, sasa anajua. Mama Placidia alilia, kisha akawawekea ndizi wale pamoja. Jumatatu karani wetu alichelewa kazini, mara ya kwanza tangu 1930.

Mzee wetu, asante kwa yote. Tunakuombea wewe na Mama Placidia afya njema, mvua za kutosha na wageni wengi mezani.