Dkt. Peris Nasimiyu: Nafasi Yake Ndani ya Boma

Waheshimiwa mapadre, wazee wa ukoo, walimu, majirani wa Tuwan na ninyi nyote mliokanyaga tope la Malakisi kuja kutushika mkono, familia inawakaribisha, na imenipa mimi, Joan, binti wa Mzee Wepukhulu, kazi ya kuwasimulia maisha ya Senge yetu, Dkt. Peris Nasimiyu, dada wa baba yangu, tuliye naye hapa mbele kwa mara ya mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Malakisi, Kaunti ya Bungoma, akiwa binti wa pekee wa hayati Mzee Matthew Wamalwa, mkulima wa tumbaku, na hayati Mama Emmy, akabatizwa Peris, ingawa padre wa siku hizo alinung'unika ati jina hilo halina mtakatifu wake, naye babu akamjibu, "Basi Padre, si huyu awe wa kwanza."

Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka wa 1964, na huko ndiko ubishi wake ulikoanza kujulikana, maana katekista alipouliza darasa ni nani aliyewaumba, Nasimiyu alijibu vizuri kwamba ni Mungu, kisha akaongeza, "Na kwani alituuliza kama tunataka?", akachapwa, akalia, na kesho yake akauliza tena. Alisoma sekondari ya bweni mjini Bungoma hadi 1976, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea falsafa na dini, akahitimu mwaka wa 1980, akafundisha Kitale kwa miaka kadhaa, kisha akapata ufadhili wa kwenda Ubelgiji, akarudi Desemba 1995 akiwa daktari wa teolojia.

Kuanzia Januari 1996 hadi alipostaafu mwaka wa 2022 alifundisha falsafa katika seminari moja karibu na Kitale, akiwa mwanamke wa kwanza kusimama mbele ya darasa huko, na siku ya kwanza mseminari mmoja alipomwona mlangoni alimuuliza, "Mama, chai iko tayari?", naye akamwambia, "Iko, lakini keti kwanza unithibitishie kwamba hiyo chai ipo." Mseminari huyo ndiye Padre Hillary Kiplimo anayetuongozea misa leo, na ninamwona anavyojificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Senge alifundisha, na akaandika, kwamba binadamu ana heshima yake kamili kabla hajawa mke wa fulani, baba wa fulani au paroko wa mahali fulani, na hakuna cheo kinachoiongeza wala upweke unaoipunguza.

Kuhusu ndoa, karatasi iliyoletwa kwanza na kamati ya mazishi ilisema marehemu "hakubahatika kuolewa", na mimi nimekataa kuisoma hivyo. Posa zilikuja, mwaka wa 1982 na tena 1987, akazikataa kwa adabu, kwa kuwa maisha yake aliyachagua, hakuyaokota njiani. Hapa mbele imeketi safu nzima ya mapadre, hakuna hata mmoja aliyeoa, na sijawahi kusikia historia ya padre ikisomwa ati hakubahatika. Kwao ni wito, kwa Senge ni mkosi, kwa nini?

Kuhusu watoto, karatasi hiyo hiyo iliacha nafasi tupu, ilhali mwaka wa 2007, vita vilipowaka Mlima Elgon, marehemu alimchukua msichana yatima wa miaka sita kutoka Cheptais aitwaye Chepngeno, akamlea nyumbani kwake Tuwan, Kitale, akamsomesha, na leo ni muuguzi, na ni mtoto wake, tuandike hivyo.

Novemba 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Kitale na Eldoret. Mwezi wa Aprili baba yangu alikwenda kumwona, akamweleza kwa shida kwamba wazee wanashikilia desturi, binti asiyeolewa huzikwa nyuma ya ua, si ndani ya boma la babake, naye akamuuliza, "Ndugu yangu, siku ya ufufuo nitatoka kwa lango kama watu, ama niruke ua kama kuku?", wakacheka wote wawili. Senge alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, Chepngeno akiwa amemshika mkono.

Katika kikao cha mazishi cha Jumatatu neno la wazee lilishinda, azikwe nyuma ya ua, na Alhamisi vijana walikuwa wamefika kiunoni wakichimba kule, Chepngeno alipoletwa kuonyeshwa mahali. Alisimama, akatazama, akasema, "Mjomba, vita vikikuja kwetu tulilala nje, kwa vichaka. Huyu mama ndiye aliniingiza ndani ya nyumba. Sasa ati mimi nimtoe nje?" Baba akamwambia, "Lakini mama, wazee nitawaambia nini?", naye akamjibu, "Waambie mtoto wake amekataa." Baba yangu akachukua sepetu mkononi mwa kijana mmoja, akaanza kurudisha udongo mwenyewe, na alipomaliza akaingia bomani akapima mahali pengine, kuume kwa kaburi la Mzee Wamalwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wazee hawakuja leo. Viti vyao tumeviacha wazi, na wakija kesho chai yao ipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Tuwan waliompikia uji alipokuwa hawezi kula kingine, walimu wenzake na wanafunzi wake waliopokezana kumsomea, na vijana wa Malakisi waliochimba mara mbili bila kulalamika. Na mimi, mbele yenu wote, ninamshukuru baba yangu.

Senge, tumebishana nawe vya kutosha, na hili umeshinda. Pumzika kwa amani nyumbani kwenu.