Nyota Aliyoitetea Kaka Yetu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi saa na mshonaji. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma walilala wote.

Alianza shule mwaka 1965. Mwalimu wa sayansi alimpa sumaku, naye akaenda kuiweka kwenye meza ya baba. Saa tatu za wateja zikaacha kwenda sawa. Alichapwa, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka 1986 aliajiriwa chuo kikuu kupima sumaku za nyota kubwa, zenye uzito wa jua letu mara kumi na zaidi. Nyingi hazionyeshi sumaku yoyote. Mwaka 1997 alitangaza katika jarida la sayansi kuwa ameipata moja yenye sumaku kali, akapata sifa. Wenzake walipoipima hawakuona kitu. Akaitetea miaka zaidi ya ishirini, hata marafiki wakamkimbia.

Tarehe 6 Juni 1989 alimuoa muuguzi, mama mwenye maneno yake. Majirani wakimwomba kaka awatazamie nyota zao, mkewe aliwajibu, "Mwacheni jamani, hata yake imemshinda."

Mwaka 2018 figo zilianza kushindwa. Mdogo wake, anayewasomea haya, alimpeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na ukweli usemwe, alichoka. Wote walichoka. Ndipo binti wa kaka, aliyerithi kazi ya kupima nyota, akafungua madaftari ya zamani ya baba yake. Kioo cha kwenye darubini kilipaswa kugeuzwa robo mzunguko kila baada ya kipimo, ili hitilafu ya chombo isidhaniwe kuwa sumaku. Kilikuwa kimekwama. Pembe iliyoandikwa ilikuwa ileile kurasa kumi na moja, na kwa furaha yake baba hakuiona.

"Baba mdogo, tukimwambia tutamuua," binti alilia.

"Mwambie. Ni yake."

Alimwambia tarehe 2 Mei 2021, wodini. Kaka alivaa miwani, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Walingoja ghadhabu.

"Afadhali, mwanangu. Nimechoka kuitetea. Waandikie wa jarida, nitie sahihi." Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, siku ya kunizika usinipambe. Lisome na kosa hili."

Alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, usingizini.

Ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili na ndugu wanne. Nanyi mliobishana naye, ambao hata hivyo mmekuja kumzika: mlikuwa sahihi. Alitaka mlisikie mbele ya watu wake.

Apumzike sasa kwa amani. Alichoka sana.