Ukoko wa Peke Yangu

Mliokuja mapema, asalaam alaikum. Mliochelewa, viti vya mbele bado vinawasubiri, msiogope. Mie ndiye yule mama wa Mbagala asiyefikaga mkutanoni. Msiusingizie ugonjwa, hata kabla ya kuumwa nilikuwa sitoki. Majirani wanajua niko hai wakisikia harufu ya vitunguu.

Ndugu zangu, saratani wote humu tunaijua, sitaisimulia. Nasimulia upele. Nilianza vidonge, haukupita muda mrefu uso ukachipua, kifua kikafuata, mgongo nao ukaona usibaguliwe. Vipele vinawasha, vinauma. Shule niliishia kidato cha nne, nikadhani chunusi nimeziacha hukohuko. Kumbe zilikuwa zinanitafuta!

Nikajitibu. Nikasaga liwa, ule mti wa manukato, nikajipaka kama mwali. Msicheke. Uso uliwaka nikabaki kujipepea kwa ungo.

Sasa, kwetu kila Ijumaa watoto wanakuja, wajukuu, na wifi yangu wa Kigamboni. Tunakula pilau sinia moja, na mie na wifi tuna vita yetu ya miaka: kugombea ukoko. Ijumaa moja nikakuta sahani yangu imewekwa pembeni. "Mama, ule kwa nafasi," akasema mkwe wangu. Hakuna aliyenisema vibaya. Nyama nono yangu, ukoko wote wangu. Nikautafuna kama natafuna karatasi.

Nilitamani kiwiko cha mtu kinisukume. Nilitamani mkono wa mjukuu, na mafuta yake, uniguse. Wanacheka pale mkekani, nami nawakumbuka kama wako mbali, na chumba ni kimoja.

Ikanijia: nikiacha vidonge, upele utaondoka, nitarudi kwenye sinia. Nikamnong'oneza wifi jikoni.

"We, unataka kufa kwa ajili ya ukoko?"

"Nataka kula na watu, wifi."

Akafunika sufuria. Kisha akasema, "Kesho jifunge kanga twende kliniki. Na uso wako huohuo."

Nesi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema vidonge vile vinajulikana kwa upele, nisiviache bila kuzungumza nao hapo kliniki. Daktari akaniandikia dawa ya kupaka. Liwa nimwachie mwali, sabuni ya manukato niiache, jua nilikimbie. Hilo la jua lilinifurahisha: kumbe kukaa ndani ni tiba! Halafu wifi akauliza nililoliogopa mie.

"Daktari, upele huu unaambukiza?"

"Huu wa dawa hauambukizi. Kuleni naye."

Ijumaa iliyofuata, kabla ya bismillahi, wifi aliibeba sahani yangu mbele ya wote, akaimwaga katikati ya sinia. "Malkia kashushwa. Haya, sogea!" Nikasogea. Goti langu likagusa goti la mjukuu, naye hakulitoa.

Vipele bado vinakuja na kwenda, na vidonge nameza. Nawashukuru nesi na daktari, na wifi yangu, yule pale nyuma anayejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ukitokwa na upele, rudi kliniki ukaseme. Usiache dawa, wala usijisagie. Na nyie mnaotuuguza, Mungu awalipe, lakini kabla ya kumtengea mgonjwa sahani nzuri, muulizeni anataka kukaa wapi.

Na ukoko wa siku ile? Wifi aliuwahi, hakuniachia hata punje. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kushiba vile.