Papa Aimé Onema, Mtu wa Foni wa Kasuku

Ndugu, majirani, na nyinyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja kulia nasi, mimi ni Ange, mtoto wa pili wa marehemu, familia imenituma nisome maisha ya papa wetu, nami nitasoma polepole, kwa sababu tangu Jumanne sijalala.

Papa Aimé Onema alizaliwa Obokote, upande wa Lubutu, tarehe 14 Machi 1958, katika familia ya wakulima, akasoma shule ya msingi Lubutu toka 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari hapa Kindu mwaka 1978, akaingia biashara ya mafuta ya mawese, na tarehe 6 Agosti 1983 akafunga ndoa na mama yetu Joséphine, wakajaliwa watoto watatu, Elie, mimi, na Elodie.

Vita vilipofunga njia, mafuta yakakosa pa kwenda, na mwaka 1999 papa akauza baiskeli zake zote za kubebea mafuta akanunua foni, ile redio ya kuitana yenye antena ndefu, akaifunga kwenye chumba kimoja hapa mtaani Kasuku, na betri na paneli ya jua, ili watu waongee na jamaa zao wa Lubutu na Kisangani. Wateja waliiogopa, wakisema inaita wanajeshi, na kweli wanajeshi walikuja, wakampiga papa, kisha wakaomba kuongea na wake zao.

Shida kubwa ilikuwa msiba. Kwetu habari ya kifo haitupwi ovyo, mtu mzima wa ukoo anatumwa, anakaa, anakunywa maji, watu wanakusanyika, ndipo anasema, na foni haikai wala hainywi maji, kwa hiyo papa, kwa heshima, mtu akifa alikuwa anasema tu kwamba mgonjwa amezidiwa, njooni, na kila mtu alijua maana yake. Mwezi Mei 2001 Safia, mke wa mzee Abdoul muuza chumvi, akaugua kweli huko Lubutu, papa akapokea habari kwamba amezidiwa, akaitoa kama ilivyo, na ukoo wa Abdoul ukatandika mikeka, ukalia, ukasoma hitima ya mwanamke aliyekuwa hai anakunywa uji. Mzee Abdoul akaja mlangoni akapiga kelele mbele ya watu, "Hii mashini yako njo inaua watu wenye iko wazima, Aimé, mimi nitarudia kutuma muntu!", na toka siku ile benchi la wateja likabaki tupu, nasi nyumbani tukala sombe, majani ya mihogo, bila chumvi.

Papa alichoka, lakini hakufunga. Aliamua kwamba foni itasema mgonjwa ni mgonjwa na aliyekufa amekufa, waziwazi, na mama Joséphine atakaa kwenye benchi, amshike mkono anayepokea habari, mpaka alie, mpaka atulie, hata kama wengine wanasubiri. Wengi walimwita papa mtu asiye na moyo, na waliorudi walirudi kwa ajili ya mkono wa mama, papa mwenyewe alilikubali hilo. Mwaka 2002 mzee Abdoul alikuja kupokea habari ya kifo cha kaka yake, mama akakaa naye hadi jua likazama.

Simu za mkononi zilipofika, foni ikanyamaza, papa akauza vocha, mama akatutoka tarehe 9 Juni 2016, kisha kisukari kikampata papa, kikamharibia figo, akalazwa Septemba mwaka huu, na hapo kitandani akatuagiza kwamba akifa tusimdanganye mtu kwenye simu. Alifariki Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, asubuhi. Nilimpigia Elie, aliyekuwa Obokote njiani na pikipiki, peke yake, nikamwambia papa amekufa, nikasikia simu ikianguka. Nimetii, lakini sijui hadi sasa kama nilifanya vema, kwa sababu upande ule hakukuwa na benchi wala mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kasuku waliochota maji na kupika, wauza vocha wenzake waliofunga vibanda, na inamshukuru mama mmoja wa Obokote, ambaye Elie hakumuuliza hata jina, aliyetua kikapu chake cha mihogo barabarani, akaketi naye kwenye majani, akamshika mkono mpaka akaweza kusimama.

Papa, umechoka, na sisi tumechoka, lala sasa, pumzika kwa amani.