Bi Anastazia Shemndolwa na Vikonyo vya Ua la Nta

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Anastazia Shemndolwa, msimamizi wa bustani na kitalu cha taasisi yetu hapa Raskazone, anahitimisha miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alikuja kutoka Mlalo akiwa na stashahada ya kilimo cha bustani, akakuta kiwanja cha kokoto na mapipa matupu ya lami. Leo wageni hupiga picha mahali hapo bila kuuliza ni kazi ya nani.

Wengi wetu tutamkumbuka kwa ua la nta, mmea wa kutambaa wenye majani mazito na vishada vya maua madogo yanayong'aa, ambao aliuotesha kwenye nguzo za baraza ya mashariki. Ni yeye aliyeanzisha desturi kwamba kila anayestaafu aondoke na chungu cha ua hilo. Bwana Tahiri alikipakata chake melini hadi Pemba, akakataa kukiweka chini hata bahari ilipomchafua tumbo. Bi Mwatum, aliyekuwa mpishi wetu, alikwenda na chake Mwera, na kila akitupigia simu hulalamika kuwa amejiletea mke mwenza, kwa jinsi mumewe asivyobanduka mbele ya ua hilo.

Utaratibu wa Bi Anastazia haukubadilika. Alikata tawi chini kidogo ya kifundo, akabakiza majani machache, akaacha utomvu mweupe ukauke, ndipo akalichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na nyuzi za makumbi ya nazi, kivulini. Sharti lilikuwa tawi liwe na kikonyo cha zamani. Maua yakipukutika, kikonyo hubaki kijiti kitupu, mtu akadhani kimekufa. Kumbe ua la nta huchanua tena palepale lilipochanua kwanza. Anayekata kikonyo amekata maua ya miaka inayokuja. "Mstaafu asipewe mmea wa kumsubirisha," alizoea kusema, na kila mtumishi alimsikia.

Mwaka huu zamu ilikuwa yake. Alichagua tawi, akalifunga uzi wa buluu, akakusudia kulikata atakaporejea kutoka likizo yake ya mwisho. Akiwa hayupo, kamati ya kuaga wastaafu, chini ya Bwana Mudathir, ambaye anastaafu mwakani na alikwisha kumwomba amwoteshee tawi nono, iliamua kusafisha baraza kwa ajili ya sherehe hii hii ya kumuaga. Vikonyo vikaonekana takataka, vikakatwa. Mmea ukaonekana umenyolewa vibaya, nao ukakatwa shinani. Nguzo zikapakwa rangi nyeupe, na lazima isemwe kwamba rangi imekolea vizuri. Hakuna aliyempigia simu, ingawa namba yake tunayo sote na huwa tunaikumbuka tunapotaka miche ya bure. Aliporudi alilikuta tawi lake kwenye shimo la taka, limekauka, uzi wa buluu haujalegea.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Mwera kwa Bi Mwatum, ambaye alimkabidhi kisu na kumwambia akate apendapo, kwa kuwa mke mwenza huyo ni yeye aliyemleta. Alikata tawi moja, lenye kikonyo. Limekwisha kutoa mizizi, na sasa liko dirishani kwake Pongwe. Kamati imemwomba alilete barazani ili desturi isife. Amekataa, na sioni hoja ya kumpinga.

Kwa kukosa chungu cha kumkabidhi, kamati imenunua ua la plastiki, ikieleza kuwa halihitaji kumwagiliwa. Alionyeshwa wiki iliyopita. Alilipokea, akagusa jani moja kwa kidole, akaliweka mezani.

"Litunzeni," alisema. "Mwakani litamfaa Bwana Mudathir."

Bi Anastazia, tunakushukuru kwa kila chungu kilichotoka mikononi mwako na kufika nyumbani kwa mtu kikiwa hai. Ukaishi kwa afya na utulivu huko Pongwe. Kikonyo chako kichanue mapema, na asitokee mtu wa kukusafishia dirisha.